Mtu wa Kumi na Mbili

Kaka yake alimpigia Futi simu mara nne kabla hajapokea, na alipopokea hakusalimiwa.

"Wameingia dukani," kaka alisema. "Njoo na vifaa vyako vya kazi."

"Wamechukua nini?"

"Hawajachukua kitu. Wameongeza."

Futi alikuwa katika siku ya tatu ya likizo, na alikuwa amejiapiza kwamba wiki hiyo hatauliza mtu yeyote swali lolote zaidi ya "chumvi iko wapi." Lakini kwa miaka kumi na tatu katika kitengo cha wizi hakuwahi kupata mwizi aliyeacha vitu vingi kuliko alivyovikuta. Akatia futi yake ya kupimia mkobani, akatoka mbio.

Futi hiyo ndiyo iliyompa jina. Wenzake kituoni walianza kumwita hivyo tangu siku alipopima dirisha la ghala lililovunjwa na kuthibitisha kwamba mtuhumiwa, kwa tumbo alilojaliwa, asingepita pale hata kwa kusukumwa. Jina lilishika. Siku hizi hata kaka yake alikuwa amesahau kumwita vingine.

Kaka ni mchapaji. Duka lake liko chini ya jengo la ghorofa nne: mashine mbili za kuchapa mbele, mashine ya kukatia karatasi nyuma, halafu mlango mdogo unaofungukia kwenye ngazi za jengo. Ghorofa ya kwanza anakaa Mama yao, mstaafu wa bandarini. Futi alimkuta kaka amesimama mbele ya ukuta, mikono kiunoni, amevimba.

"Tazama mwenyewe."

Ukutani palikuwa na karatasi kubwa ya mpango. Jumamosi, yaani kesho kutwa, kikundi chao cha matembezi kilikuwa kinakwenda kupanda ile njia ya mlima wa baharini: unapita msituni, unateremka hadi kipande cha mawe kando ya maji, halafu unapanda begani kwa mlima ambako bahari yote iko chini yako. Watu walikuwa wameisubiri siku hiyo kama watoto wanavyosubiri likizo. Na haikuwa safari ya kuahirisha, kwa sababu Jumatatu njia inafungwa miaka miwili ili zijengwe ngazi mpya. Mhifadhi wa mlima alitaka mpango wenye hesabu zilizokamilika uwe mezani kwake leo Alhamisi, kabla ya saa kumi jioni. Bila mpango, hakuna kibali, na geti halifunguliwi.

Sasa ilikuwa saa tatu asubuhi.

"Jana jioni niliacha kila kitu sawa," alisema Mchapaji. "Niliandika kwa penseli, leo nilikuwa nipitishe wino. Nimefungua duka, nakuta hivi. Saa zote zimebadilishwa. Idadi ya watu ilikuwa kumi na moja, sasa ni kumi na mbili. Na hapa," akagusa kisanduku cha juu kabisa kwa kidole, "hapa paliandikwa Mtangulizi, pakaandikwa jina langu. Wamelifuta, dada. Jina langu."

"Wakaandika la nani?"

"Hawakuandika kitu."

Futi alisogea hadi pua yake ikakaribia karatasi. Kazi haikuwa ya kihuni. Kila tarakimu ilifutwa bila kuchubua karatasi, na mpya ikaandikwa palepale, imesimama wima, imenyooka. Kaka aliandika saa kama watu wote wanavyozitaja. Huyu mgeni aliandika tarakimu nne bila nukta. Kuondoka getini: 0510, yaani saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri. Kisha 0545, 0605, 0640, 0700, zikiteremka hadi 0830 kwenye kipande cha mawe. Katika orodha ya majina, mstari wa kumi na mbili ulikuwa mtupu.

"Na tazama huku," alilalamika Mchapaji. "Mtu amekula mkate juu ya mashine yangu."

Kweli, chini ya karatasi, juu ya mashine ya kukatia, palikuwa na makombo. Futi aliyaokota kwa kipande cha karatasi. Yalikuwa laini, ya ndani ya mkate, mengine yakiwa na rangi ya kijivu. Akayanusa, akayakunja, akayatia mkobani.

"Funguo ziko ngapi?"

"Tatu. Wangu. Wa Fundi cherehani hapo jirani, kwa sababu mita yetu ya umeme iko ndani kwangu. Na wa Mama, ule unaning'inia msumarini jikoni kwake tangu enzi."

Kana kwamba ameitwa, Mama aliingia kwa mlango mdogo, chupa ya chai mkono mmoja, vikombe vitatu mkono wa pili. Alivipanga juu ya rundo la bahasha, akamimina.

"Mwizi mmeshampata?"

"Bado, Mama," alisema Futi.

"Basi kunyweni chai kwanza. Mwizi mwenyewe hana haraka."

Futi akambusu shavuni, akapokea kikombe, akarudi kwenye karatasi yake. Mama alisimama nyuma yao kidogo akiutazama mpango, halafu akajiondokea taratibu, akiimba wimbo usio na maneno.

"Mimi namjua aliyefanya," Mchapaji alinong'ona. "Ni Fundi. Tulipopiga kura ya mtangulizi alipata kura tatu, na tangu siku hiyo hajanirudishia mkasi wangu."

Fundi cherehani alikuwa amekaa nyuma ya mashine yake, mkate mzima mapajani, akimega na kutafuna. Futi alipouona ule mkate alijizuia asitabasamu.

"Ulikuwa wapi jana baada ya saa kumi na mbili jioni?"

"Nyumbani. Muulize mke wangu. Usipomuuliza atakwambia tu."

"Unautaka utangulizi?"

"Naam, nautaka," alijibu Fundi bila aibu. "Kaka yako akitangulia tunakimbia mlima mzima kama tumeiba. Mwaka jana sikuona bahari, niliona visigino vyake. Lakini hebu nikuulize na mimi, mpelelezi. Ningefuta jina lake, si ningeandika langu? Nani anafuta kiti halafu hakikalii?"

Futi aliandika hilo kwenye daftari, maana lilikuwa swali zuri kuliko yake yote.

"Unaandikia nini?"

Fundi akainua chaki ya kupimia nguo. "Hii tu. Na hizo saa nimesikia kaka yako akizipigia kelele. Saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri? Mimi saa hizo hata jina langu silijui."

Futi aliomba kipande cha mkate wake. Ulikuwa mkavu, na ganda lake lilimwaga makombo ya kahawia. Yale ya mkobani yalikuwa meupe na laini. Akamshukuru, akatoka.

Chini ya ngazi alikaa mlinzi wa jengo, askari mstaafu wanayemwita Sajini, na mbele yake daftari la getini. Futi alikumbuka zile tarakimu nne. Nani mwingine mtaani aliandika saa namna ile isipokuwa mtu aliyepitia jeshini?

"Sajini, naomba kuona daftari."

"Afande," alisema Sajini na kusimama, ingawa hakuna aliyemtaka asimame.

Alilifungua. Mwandiko wake ulijaa nukta, na tarakimu zake zote zililala upande. Futi aliweka picha ya ule mpango pembeni yake, akalinganisha saba kwa saba, nne kwa nne. Hazikufanana hata kidogo. Alikuwa karibu kulifunga alipoona mistari fulani inayojirudia kila siku, jioni.

*16.35 kiti kimetoka. 16.55 kiti kimerudi. 17.30 kiti kimetoka. 17.50 kiti kimerudi.*

"Kiti gani hiki?"

Sajini alitazama dari. "Kiti ni mali ya jengo. Kikitoka lazima kiandikwe."

"Kinakwenda wapi?"

"Kwenye ngazi. Ghorofa ya pili, penye kona."

"Nani anakikalia?"

"Afande, nimetoa neno langu."

"Kwa nani?"

"Nikikwambia kwa nani, si nitakuwa nimeshasema?"

Futi alimtazama. Sajini alikuwa anatokwa jasho, lakini hakuwa na uso wa mtu mwenye hatia. Alikuwa na uso wa mtu anayeficha zawadi mgongoni.

"Tangu lini?"

"Miezi mitatu. Hilo sikuapa kulificha."

Futi alikaa kwenye ngazi ya kwanza, akachukua penseli na kuanza hesabu. Kama mtu anaanza saa kumi kamili, hadi kiti kutoka ni dakika thelathini na tano. Kiti hukaliwa dakika ishirini. Kisha dakika thelathini na tano nyingine, kisha ishirini. Akavuta picha ya mpango. Kuanzia 0510 hadi 0545, dakika thelathini na tano. Hadi 0605, ishirini. Thelathini na tano, ishirini, thelathini na tano, ishirini, thelathini na tano, halafu mawe ya baharini.

Hivyo basi, aliyebadilisha mpango hakuwa anauharibu. Alikuwa anaukata upya ili umtoshe mtu mmoja, na mtu huyo amekuwa akipanda na kushuka ngazi za jengo hili miezi mitatu, kila jioni, kwa siri. Huyo ndiye wa kumi na mbili. Futi alihisi furaha ile inayompata kesi inapoanza kulegea, na safari hii ilikuja na kicheko ambacho hakukijua kinatoka wapi.

Lakini kwa nini kuanza alfajiri vile? Mtu wa polepole anahitaji muda, sawa, ila kuna siku nzima. Akaipitia picha tena, na hapo akaona jambo ambalo kaka yake, kwa uchungu wa jina lake, hakuliona kabisa. Kisanduku cha maji kupwa nacho kilikuwa kimebadilishwa. Alama hafifu ya penseli iliyofutwa bado ilisomeka saa nne asubuhi. Sasa paliandikwa 0840.

Akampigia mhifadhi.

"Jumamosi maji yanafika chini kabisa saa ngapi?"

Akasikia kurasa zikifunuliwa. "Saa mbili na dakika arobaini. Kwa nini, ninyi mmeandika ngapi?"

"Na ule mpaka wa kupita kwenye mawe?"

"Saa moja kabla, saa moja baada. Ikishapita saa tatu na dakika arobaini simruhusu mtu, dada yangu. Maji yanarudi upesi pale, na ukuta wa mwamba haupandiki. Wenye haraka wanavuka kwa nusu saa."

Futi alirudi dukani polepole. "Kaka, nionyeshe mpango wa mwaka jana."

"Wa nini?"

"Nionyeshe tu."

Mchapaji alivuta droo. Kila kitu alichowahi kuchapa alikihifadhi, na sifa yake mjini ilikuwa hiyo: ukirudi na kazi ya zamani, hapangi upya, anatoa ileile anabadilisha tarehe. Kadi za harusi, vipeperushi, kalenda. Karatasi ya mwaka jana ilikuwa pacha wa ile ya ukutani. Kuondoka saa mbili. Kufika kwenye mawe saa tatu na nusu. Maji kupwa saa nne.

"Ulibadilisha tarehe," alisema Futi.

"Ndiyo, kama kawaida."

"Bahari haijui kawaida yako. Jumamosi maji yanapwa saa mbili na dakika arobaini. Mngeingia kwenye mawe saa tatu na nusu, na dakika kumi baadaye bahari ingekuwa inarudi, nyuma yenu na mbele yenu. Watu kumi na mmoja, wewe ukiwa mbele."

Mchapaji alivuta kiti akakaa. Uvimbe wote ulimtoka, akabaki mtu wa kawaida mwenye wino vidoleni.

"Basi huyo mwizi," alisema mwishowe, "ametuokoa."

"Twende juu."

"Kwa nani?"

"Kunywa chai."

Mlango wa jikoni kwa Mama ulikuwa wazi. Msumarini ufunguo ulining'inia, na pembeni yake kalenda ambayo Futi aliiona tangu utotoni hadi akaacha kuiona. Kila siku ilikuwa na safu mbili za tarakimu nne, zimesimama wima, bila nukta. Miaka thelathini na moja Mama alisoma nguzo ya maji bandarini. Kila saa alishuka ngazi za gati, akatazama maji yamefika wapi kwenye nguzo, akapanda, akaandika kwenye daftari kubwa. Alipostaafu aliacha kushuka lakini hakuacha kupiga hesabu ya maji na kuiandika. Jumamosi ya wiki hii iliandikwa 0840, na ikazungushiwa duara.

Kwenye friji palibandikwa karatasi ya hospitali, ya baada ya operesheni ya nyonga aliyofanyiwa Mama. Tembea dakika thelathini na tano. Pumzika ishirini.

Mama mwenyewe alikaa mezani akifuta herufi kwenye mafumbo ya gazeti. Hakutumia raba. Alimega nyama ya ndani ya mkate, akaifinyanga kwa vidole ikawa kijidonge, akafutia.

"Bandarini tulifuta hivi," alisema bila kuinua macho. "Raba inachubua karatasi, na daftari la maji halichubuliwi. Kaeni basi, mbona mmesimama kama wadai?"

Futi alikaa. Aliona haya, na haya yenyewe ilimfurahisha. Alikuwa ameuhoji mtaa mzima isipokuwa mtu aliyemmiminia chai. Tena Mama aliingia dukani mikono yote miwili imejaa, chupa huku, vikombe kule, na mpelelezi wa miaka kumi na tatu kazini hakujiuliza ile fimbo aliyotembelea tangu operesheni iko wapi.

"Fimbo yako, Mama?"

"Nimempa Sajini. Anafukuzia paka."

"Kwa nini hukutuambia?" Mchapaji aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mtoto wa miaka minane.

Mama akaweka kijidonge cha mkate mezani. "Nilikwambia. Mwezi wa kwanza, hapohapo ulipokaa. Nikasema, mwanangu, na mimi nataka kwenda. Ukacheka. Ukasema, Mama, wewe tutakupigia picha."

Mchapaji alikumbuka, na ilionekana wazi kwamba amekumbuka, na ilimuuma.

"Sikukasirika," Mama aliendelea. "Nilijiuliza tu, kweli naweza? Nikaenda kwenye ngazi kujua. Wiki ya kwanza nililia. Wiki ya sita nilifika juu kwenye matangi ya maji. Jana mnamo saa moja jioni nikashuka kutazama mpango wenu, nione kama kuna nafasi ya mtu wa kwenda polepole. Nikakuta mnataka kuzama. Nikasahihisha maji kwanza. Halafu, penseli ikiwa mkononi, nikaona nijisahihishie na mimi."

"Lakini jina lako hukuandika," alisema Futi.

"Hilo si la kujiandikia. Hilo nilitaka niandikwe."

Futi alimeza chai iliyokuwa moto kupita kiasi ili apate sababu ya macho yake kulowa. "Kwa nini njia hii, Mama? Ziko nyepesi."

Mama aligeukia dirisha. Kati ya matangi na nyaya za umeme ulionekana mlima, kipande chake tu, wa kijani hadi majini.

"Miaka thelathini na moja nimeuangalia ule mlima nikiwa chini, kando ya nguzo yangu. Kila saa. Watu wadogowadogo wanapita begani kule juu, nami naandika maji. Nilijiambia, siku moja nitakwenda nisimame pale nitazame chini, nione nguzo yangu inavyoonekana kwa wale watu. Jumatatu wanafunga. Baada ya miaka miwili nitakuwa na sabini na tatu, na nyonga hii haijaahidi kitu."

Mchapaji aliinuka akatoka. Wakasikia anakimbia kwenye ngazi, kisha anapanda tena, akihema. Alirudi na karatasi ya mpango aliyoibandua ukutani, akaitandaza mezani, akafungua kalamu ya wino. Alianza kwenye saa, akipitisha wino juu ya penseli ya mama yake bila kugusa hata tarakimu moja. Alipofika mstari wa kumi na mbili aliandika jina la Mama lote, la kwake na la babake na la babu yake, mpaka likatoka nje ya mstari. Mama alilifuata kwa kidole hadi mwisho, akacheka.

Kilibaki kisanduku cha juu. Kalamu ikasimama.

"Nikumbushe sheria ya kikundi," Futi alisema, ingawa aliijua.

Mchapaji aliijua zaidi. Aliichapa yeye mwenyewe kwenye kadi za wanachama wote, tena kwa herufi nene, halafu kwa miaka mitatu akaivunja kila safari. Mwenye mwendo wa polepole hutangulia, na hakuna anayempita.

Aliandika. Jina la Mama tena, mara hii pale juu kabisa.

Saa nane na nusu mpango ulikuwa kwenye bahasha. Sajini, aliyeruhusiwa sasa kusema, alisimulia ghorofa kwa ghorofa kwa kila aliyepita, na Fundi alikuja na nguo ya kuvaa mlimani yenye mifuko minne, akatangaza kwamba hatimaye ataiona bahari. Futi ndiye angepeleka bahasha kwa mhifadhi. Alikuwa mlangoni aliposikia kaka yake akiuliza kwa sauti ya chini.

"Mama, sasa mimi nitembee wapi?"

"Nyuma yangu," alisema Mama. "Na ukichoka useme. Tunapumzika kila dakika thelathini na tano."